Kurenda Video ya HD kwa Ajili ya DVD: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa uhariri wa video anayejiandaa na mtihani wa nadharia na wa vitendo. Kisa ni kimoja mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndicho kitakachomkuta mezani siku ya kwanza ya kazi: video ya harusi ya saa mbili, imepigwa kwa kamera mbili za AVCHD pamoja na vipande vya simu, mteja anataka DVD, na kompyuta inaonyesha kwamba kurenda kutachukua muda wa saa tisa. Atakayejibu "kompyuta ni ya zamani, inunuliwe nyingine" hajajibu kitu. Mtahini anataka kujua muda unaliwa wapi.

Swali la 1. Taja vipimo vya DVD-Video ya mfumo wa PAL.

Jibu: Picha ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, imebanwa kwa MPEG-2. Biti za picha hazizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na vyote kwa pamoja, yaani picha, sauti na maandishi ya chini, havizidi 10.08. Sauti kwa kawaida ni ya 48 kHz: ama PCM isiyobanwa, ambayo kwa stereo ya biti 16 inakula megabiti 1.536 kwa sekunde, ama AC-3, ambayo kwa stereo kilobiti 192 zinatosha kabisa. Diski ya safu moja inabeba baiti bilioni 4.7, ya safu mbili bilioni 8.5. Kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.38 badala ya 4.7 kwa sababu zinahesabu kwa 1,024. Diski yako ni nzima. Zikariri tarakimu hizi. Mengi ya maswali yanayofuata hayafanyiki bila hizo.

Swali la 2. Picha ya DVD ni ndogo kuliko ya HD. Kwa nini basi kurenda kwenda DVD kunaweza kuchukua muda sawa na kurenda HD yenyewe?

Jibu: Kwa sababu udogo wa kinachotoka haupunguzi uzito wa kinachoingia. Kila fremu hupita hatua tano: kusomwa kutoka kwenye diski, kufunguliwa kutoka kwenye kodeki ya kamera, kupakwa efekti na rangi, kupunguzwa ukubwa, kisha kubanwa kuwa MPEG-2 na kuandikwa. Hatua tatu za mwanzo hufanyika kwa ukubwa wa HD. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya DVD ina 414,720, ambazo ni moja ya tano kamili. Ukipiga 4K mzigo unakuwa mara ishirini ya DVD. Kompyuta inabeba mzigo wote huo, ndipo mwishoni inatupa sehemu nne kati ya tano.

Hatua ya kufungua ndiyo wanafunzi wengi huisahau. AVCHD, mfumo uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hutumia H.264. Humo ni fremu chache tu zilizohifadhiwa nzima. Zilizobaki ni kumbukumbu za tofauti: kipande kipi cha picha kimesogea, kimesogea kwenda wapi, kimebadilika kiasi gani. Ili kuipata fremu moja ya katikati, kompyuta inalazimika kufungua kwanza zile inazozitegemea, mbele na nyuma yake. Taimlaini yenye mikato mingi huizidishia kazi, kwani kila mkato ni safari mpya ya kutafuta fremu nzima ya kuanzia.

MPEG-2 yenyewe ni kodeki ya miaka ya 1990. Prosesa ya kawaida ya leo huibana picha ya 720 kwa 576 kwa kasi kuliko picha hiyo inavyochezwa. Kwa hiyo mhariri anapoona saa tisa, aanze kutafuta upande wa kuingia. Upande wa DVD mara nyingi hauna kosa.

Swali la 3. Kurenda kunaendelea. Eleza utakavyotumia dirisha la utendaji wa kompyuta kutambua kinachochelewesha.

Jibu: Fungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM, diski na kadi ya picha, liache dakika chache, kisha lisome hivi.

Prosesa iko karibu na 100% na viini vyote vina kazi: hakuna hitilafu, kuna kazi nyingi. Utaharakisha kwa kupunguza kazi yenyewe.

Prosesa iko chini na diski iko 100%: data haifiki kwa wakati. Ila usikimbilie kulaumu diski kabla ya kuangalia RAM. RAM ikijaa, kompyuta huanza kutumia diski kama kumbukumbu ya ziada, na hapo diski huonekana ina kazi kumbe mwenye njaa ni RAM. Wengi huteleza hapa, hata waliozoea kazi.

Prosesa yenye viini vinne inasimama kwenye 25% na haipandi, diski imetulia, RAM ina nafasi: efekti fulani, au programu nzima, inatumia kiini kimoja tu. Kwenye prosesa ambayo kompyuta inaihesabu kuwa na nyuzi nane, kipimo hicho husoma 12 au 13%. Mtahini akikupa asilimia, gawa 100 kwa idadi ya viini au nyuzi uone kama jibu linalingana.

Prosesa ina kazi, lakini kasi yake ya gigahezi imeshuka chini ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji: joto au umeme. Jibu lake liko Swali la 11.

Swali la 4 (vitendo). Tafuta hatua inayokula muda bila kurenda mradi mzima.

Jibu: Chagua dakika moja inayofanana na sehemu kubwa ya kazi. Usichague mwanzo wenye majina peke yake, wala usichague dakika nzito kuliko zote. Kwa harusi, dakika ya ukumbini wakati wa kutoa zawadi inafaa: kuna taa za rangi, watu wanasogea, kamera zote mbili zimetumika. Irende kwa mpangilio uleule wa DVD na uandike muda. Kisha zima kitu kimoja tu, renda tena, andika. Kirudishe, zima kingine.

Tuseme umepata hivi. Kila kitu kikiwa kimewashwa: dakika 4 na sekunde 30. Kiondoa chembechembe kikizimwa: dakika 1 na sekunde 40. Rangi ikizimwa peke yake: dakika 4 na sekunde 20. Kiondoa chembechembe kinakula sekunde 170 kati ya 270, yaani 63% ya muda wote. Kwa dakika 120, hiyo ndiyo tofauti kati ya saa 9 na saa 3 na dakika 20. Kununua diski ya kasi hapa kungekuwa hasara tupu.

Alama nyingi hupotea kwa kuzima vitu viwili kwa pamoja. Ukifanya hivyo hujui kipi kilikusaidia, na jaribio lako halithibitishi kitu hata kama muda umepungua.

Swali la 5. Kwa matokeo hayo, je, kiondoa chembechembe kiondolewe?

Jibu: Si lazima, na mwanafunzi mzuri hajibu kwa ndiyo au hapana tu. Kupunguza picha kutoka HD kwenda DVD kunachanganya pikseli jirani kuwa moja, na chembechembe nyingi hupotea hapo hapo bila kulipia chochote. Picha za mchana, za kanisani kwenye mwanga mzuri au za bustanini, hazihitaji efekti hiyo kabisa. Mhariri aliyeibandika kwenye taimlaini nzima "kwa usalama" amejitwisha saa tano na zaidi za bure.

Picha za ukumbi wenye giza ni habari nyingine. Pale chembechembe hucheza kila fremu, na MPEG-2 huziona kama mwendo wa kweli, ikatumia biti zake kuzichora badala ya kuchora uso wa bibi harusi. Kwa hizo efekti ina faida. Iweke kwenye klipu hizo tu, na kama programu inaruhusu, ifanye kazi baada ya picha kupunguzwa. Hapo inashughulikia moja ya tano ya pikseli. Mpangilio wa efekti una thamani kubwa kuliko nusu ya vifaa vinavyotangazwa madukani.

Swali la 6. Video ina dakika 120 na diski ni ya safu moja. Kokotoa kasi ya biti, kisha eleza kama utatumia upitaji mmoja au miwili.

Jibu: Baiti bilioni 4.7 mara 8 ni biti bilioni 37.6. Sekunde ni 7,200. Gawa: megabiti 5.22 kwa sekunde kwa kila kitu. Acha 4% kwa ajili ya menyu na ufungashaji, zinabaki 5.01. Toa sauti ya AC-3 ya 0.192, picha inapata 4.82, andika 4.8. Ukichagua PCM, picha inabaki na 3.47 tu. Hesabu hiyo inakuonyesha kwa nini sauti isiyobanwa ni uchaguzi mbaya kwa video ndefu.

Mtego wa kawaida: programu ya FFmpeg ukiipa lengo la `pal-dvd` bila maelezo zaidi hutumia megabiti 6 za picha na kilobiti 448 za sauti. Kwa saa mbili hiyo ni baiti bilioni 5.8. Haiingii kwenye diski, na utarenda upya kuanzia sifuri. Kurenda mara mbili kwa sababu hesabu haikufanywa ni ucheleweshaji ambao hakuna prosesa itakayouponya.

Kuhusu upitaji: katika upitaji mara mbili, programu huitazama video yote kwanza, ikajua wapi pana mwendo mwingi na wapi pametulia, kisha katika raundi ya pili ikagawa biti ipasavyo. Kwa megabiti 4.8 faida yake inaonekana kwa macho, hasa kwenye kucheza muziki. Gharama yake ni kwamba baadhi ya programu hupita taimlaini nzima mara mbili, zikifungua AVCHD na kupaka efekti upya kila raundi. Kama video yako ingekuwa ya saa moja na dakika kumi au pungufu, ungeweza kutumia megabiti 8 zisizobadilika kwa upitaji mmoja, ikaingia diskini bila tatizo, na hakuna ambaye angeona tofauti. Kupita mara mbili kwenye video fupi ni kupoteza muda.

Swali la 7. Eleza faili la kati, na lini linasaidia.

Jibu: Ni faili unalotoa kutoka taimlaini mara moja, kwa kodeki nyepesi kufungua kama DNxHD ya Avid au ProRes ya Apple, ambazo huhifadhi kila fremu kivyake. Kisha DVD inatengenezwa kutokana na faili hilo. Efekti zote zimelipiwa mara moja, na upitaji mara mbili unaenda haraka. Kasi ya biti ikikosewa unarudia kubana tu, kazi ya harusi hairudiwi. Mteja akirudi mwezi ujao kutaka nakala ya kuweka kwenye simu, faili lipo.

Gharama ni nafasi. DNxHD ya megabiti 120 kwa sekunde ni megabaiti 15 kila sekunde: GB 54 kwa saa, GB 108 kwa harusi yetu. Na hapa ndipo diski inapoanza kuwa na neno. AVCHD ya megabiti 24 ni megabaiti 3 tu kwa sekunde, kwa hiyo hata diski ya nje ya USB 2.0 inaisoma bila shida. Ukigeuza klipu zote kuwa DNxHD na kuzipanga safu tatu, unahitaji megabaiti 45 kwa sekunde, na USB 2.0 kwa kawaida haifiki huko. Yaani umeipunguzia prosesa mzigo ukauhamishia kwenye waya. Kwa hiyo soma kutoka diski moja na uandike kwenye nyingine, na waya uwe wa USB 3.0 au diski iwe ndani ya kompyuta.

Swali la 8. Faili limekwisha kurendwa. Unaliingiza kwenye programu ya menyu, nayo inaanza kurenda upya kwa saa kadhaa. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu faili halikidhi vipimo vya Swali la 1, nayo programu haina ruhusa ya kuandika diski isiyokidhi. Kosa linaloongoza ni kutoa MP4 ya H.264 "iliyo safi" na kuikabidhi kwa programu ya menyu. Hilo si MPEG-2, lazima libanwe upya, na ubora unapungua mara mbili. Makosa mengine hayaonekani kirahisi: sauti ya 44.1 kHz badala ya 48, fremu 30 kwenye mradi wa PAL, kasi ya biti iliyopita 9.8, au umbali mrefu kati ya fremu nzima moja na nyingine, ambao kwa PAL haupaswi kuzidi fremu 15. Toa picha na sauti zikiwa tayari za DVD, kisha hakikisha programu imezikubali kama zilivyo. Kwenye Adobe Encore, ambayo toleo lake la mwisho lilikuwa CS6 la mwaka 2012, orodha ya mradi ina safu inayoonyesha kama klipu itabanwa upya au itaachwa. Itazame kabla ya kubonyeza.

Swali la 9. Kadi ya picha ya bei kubwa imefungwa, lakini kurenda hakukubadilika. Toa sababu.

Jibu: Kadi ya picha inasaidia kwenye efekti inazozitambua, kwenye rangi na kwenye kupunguza ukubwa. Premiere Pro CS5 ya mwaka 2010 ilianza kutumia kadi za NVIDIA kwa kazi hizo hizo, huku MPEG-2 ikibaki mikononi mwa prosesa. Kama muda ulikuwa ukiliwa na kufungua AVCHD kwa prosesa, au na efekti isiyojua kutumia kadi, kadi itakaa bila kazi. Angalia pia mipangilio ya mradi: mara nyingi uharakishaji haujawashwa kabisa.

Swali la 10. Vipande vya simu na picha za mnato vinachangiaje ucheleweshaji?

Jibu: Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu isiyo thabiti, mara 30, mara 28, kutegemea mwanga. Programu hulazimika kukisia kila fremu iangukie wapi kwenye 25, na sauti huweza kuachana na midomo. Simu za karibuni hutumia HEVC, nzito zaidi ya H.264 kufungua pale kompyuta isipokuwa na kifaa maalumu cha kazi hiyo. Vigeuze vipande hivyo mapema kuwa faili la kati la fremu 25 thabiti. Vikiwa dakika tano tu kati ya 120, ni kazi ya muda mfupi inayookoa mengi.

Ukiiambia programu itengeneze fremu mpya za katikati kwa kufuatilia mwendo, jua ni moja ya kazi nzito kuliko zote. Swali hili hujitokeza pia familia inapotaka nakala ya ndugu walioko Marekani, ambako deki nyingi hazichezi PAL. Hapo unahitaji NTSC ya 720 kwa 480 na fremu 29.97. Kuchanganya fremu jirani ni kwepesi na kunatosha kwa harusi.

Picha za mnato: picha ya kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24, zaidi ya mara 11 ya fremu ya HD. Mfululizo wa picha arobaini za utotoni wa maharusi, kila moja ikisogezwa taratibu, unaweza kuifanya asilimia isimame palepale kwa muda mrefu hadi ukadhani programu imekufa. Zipunguze hadi upana wa pikseli 2,500 hivi kabla ya kuziingiza. Ikiwa kurenda kunasimama mahali palepale kila mara hata baada ya hapo, nenda kwenye dakika hiyo ya taimlaini: mara nyingi kuna klipu iliyoharibika au fonti isiyokuwepo.

Swali la 11. Kompyuta ya mkononi inaanza kurenda kwa kasi, kisha inapungua baada ya robo saa. Eleza.

Jibu: Prosesa ikipata joto kupita kiwango hujipunguzia kasi ili isiungue. Feni yenye vumbi, meza yenye kitambaa, na chumba kisicho na hewa mwezi wa Februari pale Dar es Salaam vyote vinachangia. Safisha feni, inua kompyuta ipate hewa chini yake, na kama inawezekana renda usiku. Hakikisha pia imechomekwa kwenye umeme na mpangilio wa nguvu uko juu kabisa, kwani ikitumia betri hupunguza kasi kwa makusudi. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta ya mkononi inaiokoa kazi. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS. Kurenda kulikokatika kwenye 95% mara nyingi huanza upya, na hakuna efekti inayochelewesha kuliko hiyo.

Swali la 12. Kamera ilirekodi 1080i. Je, uondoe mistari ya kupishana kabla ya kurenda DVD?

Jibu: Hapana, kama itachezwa kwenye televisheni kwa deki. DVD inakubali fremu yenye fildi mbili, moja ya mistari ya witiri na nyingine ya shufwa. Kuziunganisha ni kazi ya ziada kwa prosesa na kunapunguza ulaini wa mwendo. Acha fildi ya juu itangulie, kama ilivyo kwenye HD. Ukikosea mpangilio huo, wachezaji wataonekana wakitetemeka kwenye skrini.

Swali la 13. Mteja anataka nakala 40. Mhariri anarudia kutoka taimlaini kwa kila diski. Mrekebishe.

Jibu: Renda mara moja, tengeneza taswira moja ya diski ya aina ya ISO, jaribu nakala ya kwanza kwenye deki ya kawaida ya sebuleni, kisha choma zilizobaki kutoka kwenye ISO hiyo. Kasi ya 1x ya DVD ni megabaiti 1.385 kwa sekunde, kwa hiyo diski iliyojaa haiwezi kuchomwa kwa 8x chini ya dakika 7 hivi, na kwa 4x ni kama dakika 14. Hapo unasubiri kifaa cha kuchomea tu. Prosesa, kadi ya picha na efekti hazihusiki. Kwa diski za bei nafuu chagua 4x, kwa sababu nakala inayogoma kwenye deki ya mama mkwe itarudishwa dukani, na utaichoma tena.